Nani aliokoa nyimbo za Gilbert na Sullivan?

Nimekuwa kimya wiki kadhaa kwa ajili ya kazi za gazeti, na wengi wenu mtakuwa mlitegemea nirudi na siasa. Leo siandiki siasa, ingawa mkinivumilia mpaka huko chini mtaikuta imejificha. Leo nataka kuwasimulia habari za Waingereza wawili waliotunga michezo ya kuimba na kuchekesha, wakagombana mpaka mahakamani kwa ajili ya zulia, na jinsi kazi zao zilivyonusurika kupotea.

Najua kuna atakayeguna: kijana wa Dar es Salaam na opera za enzi za Malkia Victoria, wapi na wapi? Swali zuri. Nitalijibu, ila kwa mwendo wa kinyonga.

William Schwenck Gilbert alizaliwa mwaka 1836. Alikuwa mwanasheria asiye na wateja wengi, akageukia mashairi ya mzaha na michezo ya kuigiza. Arthur Sullivan alizaliwa 1842, akasomea muziki London na Leipzig, na wakubwa walimtegemea awe mtunzi wa muziki mzito wa makanisani na wa kumbi za heshima. Kati ya 1871 na 1896 wawili hawa walitunga pamoja opera 14 za kuchekesha. Gilbert aliandika maneno, Sullivan akaweka muziki. Mtu wa tatu, ambaye bila yeye pengine wasingefika mbali, ni mfanyabiashara Richard D'Oyly Carte. Huyu ndiye aliyewajengea ukumbi wao, Savoy Theatre, uliofunguliwa London Oktoba 1881. Lilikuwa jengo la kwanza la umma kuwashwa lote kwa taa za umeme. Watu wa siku hizo waliogopa umeme utawaunguza, basi bwana Carte akapanda jukwaani na balbu inayowaka mkononi, akaivunja mbele yao. Hakuna kilichoungua. Watu wakapiga makofi, onyesho likaendelea.

Ndani ya opera hizo kuna nini? Kuna dhihaka kwa wakubwa. Katika H.M.S. Pinafore (1878) kuna waziri wa jeshi la majini aliyepanda cheo kwa kung'arisha vitasa vya milango na kutii chama chake, baharini hajawahi kwenda. Katika The Mikado (1885) kuna bwana mmoja, Pooh-Bah, anayeshikilia karibu kila cheo cha serikali ya mji wake na kukusanya mishahara yote. Ukimwomba ushauri anakuuliza kwanza unamtaka kama nani: kama mweka hazina au kama mwanasheria wa serikali? Sisi tunaojua maana ya kuvaa kofia mbili hatuhitaji mkalimani hapo.

Sasa tuingie kwenye mada yenyewe. Opera yao ya kwanza iliitwa Thespis. Ilifunguliwa London mwishoni mwa 1871, ikaonyeshwa mara 63, kisha ikafungwa. Maneno yake yalichapishwa, na tunayo. Muziki haukuchapishwa. Leo muziki wa Thespis karibu wote umepotea! Fikiria, ushirikiano mashuhuri kuliko wote katika muziki wa jukwaa wa Uingereza, na kazi ya kwanza ya ushirikiano huo haina muziki. Kilichopona ni wimbo mmoja uliouzwa madukani kama karatasi ya nota, kwaya moja ambayo Sullivan aliihamishia kwenye opera nyingine, na muziki wa dansi ambao watafiti wawili waliutambua mwaka 1990 ukiwa umechanganywa na nota za kazi yake nyingine, ya mwaka 1864.

Tazameni vizuri vile vitu vitatu. Kimoja kilipona kwa sababu kiliuzwa kwa umma, cha pili kwa sababu kilitumika tena, cha tatu kwa sababu kilikuwa kimechomekwa ndani ya rundo la karatasi nyingine. Hakuna hata kimoja kilichopona kwa sababu mwenyewe alikifungia kabatini.

Miaka saba baada ya Thespis ikaja Pinafore, na hapo mambo yakageuka. Marekani ya wakati ule haikulinda hakimiliki za wageni. Sheria hiyo ilibadilika mwaka 1891 tu. Basi Pinafore ilipovuka bahari, kila aliyekuwa na ukumbi aliipandisha jukwaani. Kuna iliyoigizwa na watoto na iliyoigizwa na kwaya za makanisa. Gilbert na Sullivan hawakupata hata senti. Tunaojua namna nyimbo za wasanii wetu zinavyojazwa kwenye flashi mitaani tunaweza kuelewa hasira zao.

Walichofanya ni kusafiri wenyewe kwenda New York na opera mpya, The Pirates of Penzance, jina ambalo lenyewe ni kijembe kwa maharamia wa nota. Ilifunguliwa huko tarehe 31 Desemba 1879. Siku moja kabla, ili hakimiliki ya Uingereza isipotee, kikundi chao kilichokuwa kwenye ziara kiliionyesha mara moja tu katika mji mdogo wa Paignton. Waigizaji walivaa mavazi ya Pinafore, waliocheza maharamia wakafunga vitambaa vichwani, na karatasi za maneno zikiwa mkononi. Na huko New York Sullivan akagundua kwamba michoro yake ya sehemu ya kwanza ameiacha Uingereza. Ikabidi aandike upya kwa kukumbuka. Hivyo ndivyo opera inayoimbwa hadi leo ilivyokuwa karibu na kuwa nyingine kabisa.

Tangu hapo Carte na wenzake wakawa wakali. Wakachapisha maneno na nota za kuimba kwa piano, lakini nota kamili, zile zenye sehemu ya kila chombo cha okestra, wakazibana. Kwa upande wa biashara walikuwa na haki. Mtunzi naye anakula. Sitaki msomaji afikiri kwamba nawatetea wezi.

Lakini historia ina kejeli zake. Mmoja wa waliookoa kazi hizi alikuwa mkaguzi wa serikali. Kwa sheria ya mwaka 1843, kila mchezo mpya Uingereza ulipaswa kupelekwa kwanza kwenye ofisi ya Lord Chamberlain, mtu wa kasri ya mfalme, asomwe kama una matusi au uchochezi. Udhibiti huo ulidumu mpaka 1968. Sisi waandishi hatupendi udhibiti, na mimi siupendi. Ila makarani wale hawakuwa wakitupa karatasi. Marundo yao ya miswada leo yako British Library, na ndani yake kuna maneno ambayo watunzi wenyewe waliyafuta kabla ya onyesho la kwanza.

Mfano ni wimbo mmoja wa nahodha wa Pinafore ulioondolewa kabla opera haijafunguliwa. Maneno yake yalibaki kwenye nakala ya mkaguzi. Muziki ulihesabiwa kuwa umepotea kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1999 watafiti wawili walitangaza kwamba wameupata katika mkusanyiko wa mtu binafsi, kwenye karatasi chakavu za wapiga vyombo, karibu wote, umepungua sehemu ya fidla ya pili tu. Wakajaza pengo kwa kukisia, na wimbo ukaimbwa tena. Karani mmoja na mafaili yake, wapiga vyombo fulani tusiowajua majina, na mtu aliyependa kukusanya makaratasi ya zamani. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba anahifadhi historia.

Sullivan alifariki mwaka 1900, Carte 1901, Gilbert 1911. Huo ugomvi wa zulia ulikuwa umeshapita mwaka 1890: Gilbert alikataa gharama za zulia jipya la ukumbi zikatwe kwenye mapato yao, Sullivan akasimama upande wa Carte, wakafikishana kwa hakimu. Baadaye walipatana, lakini utamu haukurudi. Opera zikabaki mikononi mwa familia ya Carte: baba, kisha mama wa kambo, kisha mtoto Rupert, kisha mjukuu Bridget. Kwa miaka 50 baada ya kifo cha Gilbert, mpaka mwisho wa 1961, hakuna kampuni nyingine ya kulipwa iliyoruhusiwa kuzionyesha Uingereza. Vikundi vya ridhaa viliruhusiwa kwa leseni na ada, na vilikuwa vingi mno, shuleni, makanisani, viwandani. Nota zao zilizojaa alama za penseli na madoa ya chai zilienea kila mahali.

Muda ulipokaribia kwisha, kulikuwa na kampeni ya kuitaka serikali iongeze ulinzi. Hoja ilikuwa kwamba zikiachiwa zitaharibiwa. Serikali ikakataa. Januari 1962 kampuni ya Sadler's Wells ilikuwa tayari jukwaani na Iolanthe. Mwaka 1980 The Pirates of Penzance ikapigwa upya kwa vyombo vya umeme katika bustani ya Central Park, New York, ikahamia Broadway. Opera hazikufa. Aliyekufa ni mwenye ufunguo: kampuni ya D'Oyly Carte ilifungwa Februari 1982 baada ya kukosa ruzuku, ikafufuliwa 1988, ikasimama tena 2003.

Na karatasi zenyewe? Mwaka 1966 urithi wa Sullivan ulipigwa mnada London. Nota alizoziandika kwa mkono wake zikatawanyika. Nyingine zilivuka kwenda Morgan Library ya New York, ambako Mmarekani Reginald Allen alikuwa amejenga mkusanyiko mkubwa wa vitu vya opera hizi, kuanzia barua na mabango mpaka vipeperushi vya maonyesho. Nyingine alinunua Terence Rees: mswada wa The Zoo, kazi ya Sullivan ya mwaka 1875 na mwandishi mwingine, ambayo haikuwa imewahi kuchapishwa. Akahakikisha inachapishwa. Angeamua kuikalia kama mtu anavyokalia kiwanja, nani angemuuliza?

Mnada ule ungeweza kuwa mwisho wa habari: kila mtu na kipande chake, na wewe uliye mbali baki na jina tu. Kilichobadilisha mambo ni kompyuta. Mwaka 1993, mtandao ukiwa bado mchanga kiasi kwamba wengi hawajausikia, wapenzi wa opera hizi walianza kuziweka kwenye kompyuta ya Boise State University, jimbo la Idaho, Marekani. Iliyowahifadhi ilikuwa idara ya hisabati! Watu wakajitolea kupiga chapa maneno ya opera zote, mstari kwa mstari. Wengine wakaingiza nota moja moja ili kompyuta ipige muziki. Wengine wakaskani mabango, picha za waigizaji, kadi za biashara na orodha za waliocheza. Hakuna aliyelipwa. Leo hifadhi hiyo ipo na inasomeka bure.

Msidhani ilikuwa mteremko kwa kila aliyejaribu kazi kama hiyo. Mwaka 2006 mwanafunzi mmoja huko Canada alianzisha maktaba ya nota za watunzi wa zamani kwenye intaneti. Oktoba 2007 akaifunga, baada ya barua ya wanasheria wa mchapishaji wa Vienna. Kisa ni kwamba Canada ya wakati ule ililinda kazi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, na Ulaya miaka 70, kwa hiyo kilichokuwa mali ya umma kwake kilikuwa bado mali ya watu kwa wengine. Ilifunguliwa tena katikati ya 2008. Ugomvi ule ule wa Pinafore, ila safari hii meli ilikuwa ni waya.

Sasa nakuja kwenye kile kilichonifanya niandike. Kuhifadhi ni pamoja na kuhifadhi aibu.

Katika maneno ya The Mikado kama Gilbert alivyoyaandika, neno la matusi wanaloitwa watu weusi limo mara mbili. Limo pia katika Princess Ida. Sehemu moja linawahusu wazungu waliojipaka masizi usoni na kuimba mitaani, sehemu nyingine ni mzaha wa kumpaka mtu rangi awe mweusi. Maneno hayo yaliimbwa kwa zaidi ya miaka 60 na watu wenye heshima zao, mbele ya watu wenye heshima zao. Mwaka 1948 kampuni ilikuwa imetoka Marekani, ambako kulikuwa na malalamiko makali. Rupert D'Oyly Carte akaliandikia gazeti la The Times kueleza kwamba maneno yatabadilishwa, na mwandishi A. P. Herbert akaombwa kutafuta mengine. Na hapo bado sijagusa Wajapani, ambao opera nzima inawavalisha kama vinyago. Mwaka 1907 serikali yenyewe iliizuia kwa wiki kadhaa London ili kutomuudhi mwanamfalme wa Japani aliyekuwa anakuja ziarani.

Jukwaani, mimi nakubaliana na mabadiliko. Sina sababu ya kulipa kiingilio nitukanwe. Lakini kwenye hifadhi nataka maneno ya kwanza yabaki kama yalivyo, na ya Herbert yawekwe kando yake na mwaka wake. Ukifuta tusi, unamfutia aliyetukana. Kesho mtu atakuja kuniambia enzi hizo watu walikuwa waungwana tu, na sitakuwa na karatasi ya kumwonyesha. Kama nakala pekee ingekuwa mikononi mwa familia moja, ingekuwa rahisi sana kusahau. Kwa sababu nakala ziko kila mahali, haiwezekani tena.

Na hapa ndipo siasa niliyowaahidi ilipojificha. Mwaka 1893 Gilbert na Sullivan walitoa Utopia, Limited. Ni habari ya kisiwa cha bahari ya kusini ambacho mfalme wake amezimia mambo ya Kiingereza. Bintiye anarudi kutoka masomoni Cambridge na wataalamu sita, na mmoja wao anashauri nchi nzima isajiliwe kama kampuni yenye dhima ya kikomo. Watu wa London walicheka. Mwaka ule ule wa 1893, pwani ya Kenya ilikuwa kweli inaendeshwa na kampuni, Imperial British East Africa Company, iliyopewa hati ya malkia mwaka 1888 na kuondoka 1895. Huku kwetu kampuni ya Wajerumani ilikuwa imeshajaribu, ikazua vita vya Abushiri mwaka 1888, serikali yao ikabeba mzigo kuanzia 1891. Sisemi Gilbert alikuwa anatuwaza sisi. Nasema kilichokuwa mzaha Savoy kilikuwa kodi na bunduki Mombasa na Pangani.

Mwisho wa opera hiyo ndio unaoniua. Mambo yamenyooka kisiwani mpaka wanasheria, madaktari na wanajeshi wamekosa kazi, na wananchi wamekasirika. Dawa inapatikana: tuleteni vyama vya siasa! Chama kimoja kikijenga, kingine kikiingia kibomoe, na kila mtu atapata kazi. Niliisoma yote kwenye simu, ndani ya daladala, kwenye foleni ya Mwenge, bila kulipa hata shilingi. Opera yenyewe wenye mali waliitupa. Kampuni ya D'Oyly Carte haikuirudisha London mpaka 1975, kwa sherehe za miaka 100. Ingetegemea wao peke yao, mimi ningeisikia wapi?

Hilo ndilo jibu la wapi na wapi. Na kuna uzi mwingine mmoja. Tarehe 5 Oktoba 1888 Sullivan aliirekodi sauti yake kwenye mashine ya Edison, akasema kwamba amestaajabu, lakini pia anaogopa kufikiri ni muziki mbaya kiasi gani utahifadhiwa milele. Baadaye kampuni ya His Master's Voice, ile yenye nembo ya mbwa anayesikiliza santuri, ilianza mwaka 1917 kurekodi opera hizo kwa idhini ya familia ya Carte. Kampuni hiyo hiyo, mwaka 1928, ilimrekodi Siti binti Saad huko Bombay. Mbwa yule yule, santuri za aina ile ile. Ila upande mmoja utaukuta na maneno, nota, mabango, orodha ya waimbaji na hata wimbo uliofutwa kabla ya kuimbwa. Upande wa pili, pamoja na wasifu mzuri aliotuachia Shaaban Robert, jaribu leo kutafuta maneno kamili ya nyimbo zote alizorekodi Siti, yaliyoandikwa na kupangwa, bure, kwa mtu aliye kwenye foleni ya Mwenge.

Wale wa Idaho hawakusubiri wizara. Walianza na kompyuta ya idara ya hisabati na watu wa kupiga chapa jioni baada ya kazi. Kwa hiyo nina ombi. Kama babu yako alipiga tarumbeta kwenye bendi, kama bibi yako ana daftari la maneno ya taarab, kama kuna tangazo la dansi la mwaka 1965 limebandikwa nyuma ya mlango wa kabati, lipige picha. Kila ukurasa, pamoja na ule wenye madoa. Andika jina la mwenyewe, mahali na mwaka. Kisha mpe mtu mwingine nakala, na huyo ampe mwingine. Mwenye mali akiwa hai muombe ruhusa na mtajeni. Ila nakala isibaki moja.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, narudi kwenye bajeti. Mbaki salama.